Dakika Mbili za Taharuki Kwenye Chai ya Birongo

Usiizime hiyo simu, mjukuu wangu. Wazee wenzangu watakuambia uiweke kando ndipo uzungumze na watu. Mimi nakuambia ishike vizuri na upanguse kile kioo cha nyuma kwa kitambaa safi, maana hiyo ndiyo kamera yako. Nusu ya filamu za wanafunzi nilizoletewa nizipime zilikuwa na ukungu, na haukuwa ukungu wa milima ya Nyamira. Yalikuwa mafuta ya chipsi.

Mimi ni Moraa. Kazi yangu ilikuwa kukata na kuunga picha. Niliifanya miaka mingi Nairobi, katika chumba cha televisheni kisicho na dirisha, halafu nikarudi nyumbani nikaifundisha katika chuo kimoja mjini Kisii. Sasa nimestaafu, niko kwangu Nyamira na ng'ombe wangu na ndizi zangu. Lakini mashindano ya filamu za shule yakikaribia, simu inalia. "Madam, uko? Tunaomba uje utupimie." Wee! Siulizi hata gari litatoka saa ngapi. Mume wangu anasema goti langu huuma siku zote isipokuwa siku ya filamu, na hajakosea.

Sasa sikilizeni, kwa sababu wengi wenu mnafikiri kupima filamu ni kukaa kiti cha mbele, kukunja uso na kusema "nimeipenda" au "sikuipenda". Hiyo hata shangazi yako anaweza. Anayepima ustadi huuliza mambo ya mikono. Kamera imetulia? Mtu aliyekatwa kichwa na fremu, alikatwa makusudi au mpiga picha alikuwa anatazama wasichana? Sauti inatoka kwa anayesema au inatoka kisimani? Picha hii ikikatwa kuingia ile, jicho langu linapita au linajikwaa? Ukishajibu hayo ndipo unaruhusiwa kupenda.

Na wanafunzi wetu, sijui nani aliwaroga, wote wanataka taharuki! Wanapewa kutengeneza mwanzo wa filamu tu, dakika mbili hivi, si hadithi nzima. Dakika mbili za kumfanya mtazamaji asogee ukingoni mwa kiti na kujiuliza kuna nini hapa. Basi wanavyouanza! Mtu amevaa sweta la kofia, uso hauonekani. Viatu vinatembea. Mtu anahema. Kisu. Msichana anageuka, "Aaah!", halafu sosi ya nyanya ukutani. Nimeona sosi mpaka siku hizi chipsi nakula kavu.

Kuna shule moja upande wa Nyamarambe iliwahi kunilazia maiti chini ya migomba. Maiti mzuri kabisa, hapumui, mwanga unapita katikati ya majani na kumwangukia usoni vile ningetaka mwenyewe. Kumbe kijana huyo alikuwa ameficha mahindi mfukoni ale wakimaliza. Kuku akaja. Akadonoa mfuko, akadonoa tena, na marehemu akaanza kutabasamu. Wangekata hapo! Hawakukata, ati kwa sababu migomba ilikuwa imependeza. Niliwapa alama nzuri za mwanga, nikamwambia yule marehemu awaombe radhi wafiwa.

Wengine walirekodi mazungumzo alasiri. Alasiri, Kisii! Mtoto aliyezaliwa hapa hajui mvua ya kwetu huja saa gani? Ilipoanza walimfunika mwenye maiki kwa mwavuli wakafikiri wameokoka. Nilipofumba macho kusikiliza, niliwasikia watu wawili wakipanga mauaji huku wa tatu akikaanga mandazi. Tulicheka mpaka mwalimu wao akatoka nje.

Huko kufumba macho nilifundishwa na Mzee Wafula, aliyekuwa mkuu wa chumba chetu cha uhariri Nairobi. Siku yangu ya kwanza aliniwekea kipindi, kisha akavua koti lake akaifunika televisheni. Nikamtazama, nikasema moyoni, huyu mzee ana wazimu. "Sikiliza kwanza," akaniambia. "Ukitangulia kuona, macho yatakudanganya kwamba na masikio yamefanya kazi." Kilipoisha akaondoa koti, akazima sauti, tukatazama tena watu wakichezesha midomo bila neno. Mwisho kabisa ndipo akawasha vyote pamoja. Enzi hizo tulihariri kwa kanda. Ukitaka kurudi nyuma, mashine inanguruma nawe unangoja, na ukikosea mkato wa mwanzo unarudia yote yaliyoufuata. Leo nyinyi mnakata kwa kidole gumba mkiwa mmelala kitandani. Siwaonei wivu. Aah, nawaonea, kwa nini niwadanganye? Lakini masikio ni yale yale na macho ni yale yale, na koti la Mzee Wafula linafanya kazi mpaka leo, ingawa mimi natumia leso yangu ya kujifunga.

Na leso hiyo ndiyo niliyokwenda nayo Birongo mwaka jana. Hii ndiyo ninayotaka kuwahadithia, maana nikiikumbuka mwili unanisisimka.

Ilikuwa raundi ya kwanza. Katika raundi hiyo mtu kama mimi anaitwa shuleni, anapima filamu, anasema kasoro, na wanafunzi wanapewa nafasi ya kurekebisha kabla ya mashindano ya kaunti. Kwenye kaunti wanapima wengine, mimi nakuwa mtazamaji tu. Mwalimu wa klabu alinipokea langoni, na kabla hatujafika maabara ya fizikia walikotundika magunia madirishani kuzuia mwanga, alinishika mkono.

"Madam, kuna msichana anaitwa Bosibori. Ndiye aliyeongoza filamu hii na ndiye aliyeihariri. Baba yake ni Mzee Ombati, mzee wa kanisa la Wasabato hapa, mkulima wa chai. Hataki kusikia habari za sinema."

"Wako wengi," nikasema.

"Lakini huyu amemwekea msichana sharti, tena mbele yangu. Filamu ikifika kaunti na waamuzi wakaipitisha, Bosibori ataenda chuo cha filamu. Wakiikataa, basi ulikuwa mchezo wa watoto, na ataenda chuo cha ualimu kama dada zake. Na Mzee Ombati akisema neno amesema."

Mjue mimi nimefundisha, siudharau ualimu. Lakini mwalimu asiyetaka kuwa mwalimu ni adhabu kwa watoto wa watu. Nikaingia maabara.

Walikuwa watatu, wamesimama wamenyooka karibu na ubao. Bosibori, mwembamba, macho hayatulii. Nyakundi, mpiga picha, kijana mrefu anayejikunja kuzungumza. Na Kerubo aliyeigiza, ambaye alinisalimu "Bwakire buya, Madam" kwa sauti ambayo ningeisikia kutoka Keumbu. Nikafunika kompyuta kwa leso yangu, nikasema, "Anzeni."

Watoto hao! Nilisikia viatu kwenye udongo laini. Nikasikia nguo ikisugua majani, pande zote mbili, kwa hiyo nikajua mtu anapita kwenye njia nyembamba, nikajua ni katikati ya michai. Pumzi. Ndege mmoja. Kisha ndege akanyamaza, na pumzi nayo ikasimama. Nywele zilinisimama hapo hapo, kabla sijaona chochote.

"Maiki mliifunika na nini upepo usiingie?"

"Soksi, Madam," Nyakundi akasema.

"Safi?"

Akajikunja zaidi. "Ya kuchezea mpira," akasema.

"Haidhuru, imefanya kazi!" Nikaondoa leso, nikazima sauti, nikatazama. Kamera ilikuwa inateleza chini chini kati ya michai, polepole, bila kutikisika. Nilidhani shule imenunua mtambo. Kumbe waliisukuma kwa wilibaro waliyoipunguzia upepo wa tairi isirukeruke, na pale walipotaka itulie waliilaza simu juu ya mfuko wa maharagwe. Andikeni hilo vichwani mwenu: mfuko wa maharagwe unajikunja kufuata kila unachokiegemea, na mkimaliza mnayapika.

Kerubo akatokea, blauzi nyeupe, sketi ya bluu, kijani pande zote. Akasimama, akageuka, akakimbia. Alikimbia kutoka kushoto kwenda kulia katika kila picha, kwa hiyo sikupotea hata mara moja. Mkono ukaanza kushika mti katika picha ya mbali na ukamalizia kuushika katika picha ya karibu, na mkato wenyewe sikuuona. Niligonga meza. "Nani amekata hapa?" Bosibori akainua kidole nusu. "Umekata katikati ya kitendo! Nani alikufundisha?" Akasema alijifunza mwenyewe kwa kutazama. Nikataka kumkumbatia.

Halafu ikaja. Kerubo anakimbia, na michai ni mirefu, imejaa chipukizi za kijani kibichi kinachong'aa. Mkato. Kerubo bado anakimbia, na michai imekuwa tambarare, kijani kizito, hakuna chipukizi hata moja. Mkato mwingine, chipukizi zimerudi. Nikasema, "Simamisha."

Wote watatu wakatazama chini.

"Hii chai imechumwa," nikasema.

"Ndiyo, Madam."

"Katikati ya mbio! Msichana anakimbizwa na hatari, na mtu amepata nafasi ya kuchuma chai mbele yake?"

Kerubo akaangua kicheko, akajiziba mdomo. Bosibori ndiye aliyeeleza, kwa sauti inayopotea. Walianza kupiga picha Ijumaa baada ya masomo, katika chai ya baba yake. Jua likaanza kushuka, na jua likishuka Ijumaa Sabato imeingia, nyumbani kwao hakuna mtu anagusa kamera. Wakaweka kila kitu. Jumamosi walikuwa kanisani kutwa. Jumapili walirudi na wilibaro yao, wakakuta Mzee Ombati ameamka alfajiri na jamaa zake, wamechuma mistari yote iliyo karibu na njia, wamekwishapeleka majani kwenye kituo cha kununulia chai. Hakujua. Angejuaje? Chai imekomaa, gari linakuja, mtu anachuma.

Nimepima filamu za shule za mbali na karibu, nimeona saa ya ukutani ikirudi nyuma na nimeona jambazi akibadilisha viatu njiani. Kosa hili lilikuwa la kwetu peke yetu. Lazima uwe na chai, na Sabato, na baba mchapakazi, ndipo ulifanye.

"Na mkajaribu kunipaka rangi machoni," nikasema, maana nilikuwa nimeona pia kwamba zile picha za Ijumaa zilitiwa giza kwa kompyuta ili zifanane na za Jumapili. "Blauzi ya Kerubo imekuwa ya kijivu! Mnafikiri sitaona?"

"Tulifikiri watu wa mjini hawatajua," akasema Nyakundi.

"Watu wa mjini gani? Waamuzi wanaweza kutoka popote, lakini ukumbi mzima utakuwa wa watu wa hapa. Mtu wa Birongo anaiona chai iliyochumwa hata akiwa amesinzia!"

Nikawapa haki yao. Kamera, vizuri sana. Sauti, vizuri sana. Mkato, sijawahi kuona bora zaidi kwa wanafunzi. Mwendelezo, yaani kila kitu kibaki kilivyokuwa kutoka picha hii mpaka ile, umeanguka, na umeanguka vibaya. Nikawauliza kama wanaweza kurudia zile za Jumapili. Haiwezekani, chipukizi hazitakuwa zimerudi kabla ya mashindano, na mashindano ni wiki ijayo.

Bosibori hakulia. Afadhali angelia. Alisema tu, "Basi, Madam, nimekwisha. Nitakuwa mwalimu." Alisema kama mtu aliyeambiwa yuko mgonjwa.

Mimi nikakasirika. Si yeye aliyenikasirisha. Ni hali yenyewe, kazi nzuri namna hiyo kuuawa na majani! Nikasimama, nikaelekeza kidole kwenye ile picha iliyogandishwa, nikasema kwa ukali, "Unajua mtazamaji wa hapa atauliza nini akifika hapa? Hataogopa anayemfukuza msichana, hatamkumbuka hata msichana. Atauliza jambo moja tu: ni nani amechuma?"

Nikaona macho ya Bosibori yametulia kwa mara ya kwanza.

"Madam," akasema polepole. "Na kama ni siku ya Sabato?"

"Siku gani ya Sabato?"

"Kwenye filamu. Kama ni Sabato asubuhi. Watu wote wako kanisani. Wote. Na kuna mtu amechuma."

Jamani! Niliketi chini. Nyie mnaosoma hili mkiwa kwingine, pengine hamjaelewa, ngojeni niwaeleze. Katika kijiji cha Wasabato, siku ya Sabato hakuna jani linalochumwa. Hakuna jembe, hakuna panga, hata ng'ombe wanajua. Ukipita katikati ya chai asubuhi hiyo, unasikia kuimba kutoka kanisani na unaona mashamba matupu kilima kwa kilima. Sasa uone mistari iliyochumwa hapo hapo, mbichi. Si jirani. Jirani yuko kanisani. Mkono gani umepita hapa? Hakuna sweta la kofia wala sosi ya nyanya inayoweza kuogopesha namna hiyo.

"Blauzi nyeupe ni ya kanisani!" Kerubo akapiga kelele. "Mimi nimechelewa kanisani!"

"Tunahitaji wimbo," akasema Nyakundi.

"Na Biblia," akasema Bosibori. "Aidondoshe njiani." Hapo hapo akatikisa kichwa. "Hapana. Tata hawezi kuona Biblia kwenye udongo. Nami pia siwezi." Tata kwetu ni baba.

Wakatazamana. Bosibori akaanza kucheka peke yake. "Ataiweka juu ya chai. Ikichumwa inakuwa kama meza, si Biblia itakaa?"

Ilikaa. Hiyo ndiyo picha niliyoipenda kuliko zote katika kazi yangu yote, na ningeipenda hata kama wangeikataa: Biblia nyeusi imelala juu ya chai iliyochumwa, na hakuna mtu. Waliipiga kesho yake kabla chipukizi mpya hazijachomoza, na zile picha za Ijumaa wakaziacha mwanzoni peke yake, na rangi yake ya kweli.

Wimbo ulikuwa kazi nyingine. Kwaya hufanya mazoezi siku ya katikati ya wiki, kwa hiyo Sabato isingeguswa, lakini ruhusa ilikuwa ya Mzee Ombati. Nilikwenda nao kwa sababu singekaa nyumbani hata mngenifunga kamba. Mzee alikuwa amesimama mlangoni mwa kanisa, koti limefungwa vifungo vyote.

"Mwalimu," akaniambia, "katika hiyo sinema yao, mwovu anashinda?"

Kabla sijajibu Bosibori akasema, "Tata, ni mwanzo tu. Haijulikani bado."

"Ni wimbo wote au nusu?" Mzee akauliza.

"Kipande tu, Tata."

"Basi waimbe vizuri," akasema, akaingia ndani kuwahimiza waimbaji wa besi.

Nyakundi alitaka kurekodi pale mlangoni halafu aipunguze sauti kwenye kompyuta. Nikamshika sikio, kwa upendo. Vijana, msisahau hili: sauti ya karibu ukiipunguza haiwi sauti ya mbali. Inabaki sauti ya karibu inayonong'ona. Sauti ya mbali inapita juu ya bonde, inachukua upepo, inapoteza maneno na kubaki na wimbo. Tukashuka bonde na kupanda upande wa pili, mimi na goti langu, mpaka kwenye chai yenyewe ya Mzee Ombati, na hapo ndipo tukaiwasha simu ndani ya soksi ya mpira. Kwaya ikatufikia nyembamba, safi.

Siku ya mashindano ukumbi wa mjini Kisii ulijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Mzee Ombati alikuja na koti lile lile, akakaa mistari miwili mbele yangu, mikono magotini, mtu aliyekuja kutimiza neno lake na si zaidi. Bosibori alikuwa pembeni karibu na skrini na wenzake. Filamu yao ilipangwa alasiri. Na mnajua alasiri.

Mvua ikapiga mabati kama kawaida yake. Filamu iliyotangulia yao hatukuisikia hata kidogo, tuliona tu watu wakifungua midomo. Nikamtazama Bosibori, naye ananitazama. Wimbo wote wa mbali, soksi, bonde, vyote vitamezwa na mabati! Nikaomba, nasema kweli, niliomba. Mwamuzi mkuu, bwana mmoja mpole kutoka nje ya kaunti ambaye meza yake ilikuwa kando yangu, akanyoosha shingo kutazama dari, akasema tungoje kidogo. Tukangoja. Mvua ikapungua, haikuisha, ikabaki ile ya kunong'ona. Akasema, "Endeleeni."

Giza. Chai. Kamera inateleza. Na wimbo ukaja, mdogo, kwa mbali, na watu ukumbini wakageuza vichwa kutazama madirishani! Walidhani kuna watu wanaimba nje. Niliuma leso yangu.

Kerubo anaharakisha, chipukizi ndefu zinamgusa mikono. Mkato. Chai tambarare. Ukumbini, wale watu waliokuwa wakila karanga waliacha kula karanga. Mama mmoja nyuma yangu akamwita Mungu kwa sauti ndogo, "Ee Nyasae." Kerubo anatoa Biblia mfukoni mwa sketi, anaiweka juu ya michai, anagusa kijiti kilichokatika, utomvu bado mbichi kidoleni. Anageuka. Anakimbia. Inabaki Biblia peke yake, na wimbo kwa mbali. Kisha karibu, karibu sana, nje ya fremu, sauti ambayo kila mtu wa kwetu anaijua tangu tumboni: tap. Tap. Tap. Mtu anachuma.

Skrini ikawa nyeusi.

Hakuna aliyepiga makofi. Halafu mistari miwili mbele yangu mtu akasimama, kiti kikaanguka. Alikuwa Mzee Ombati, mkono umenyooka kuelekea skrini. Alisema kwa Ekegusii, nami nawapa kwa Kiswahili:

"Ni nani huyo anachuma chai yangu siku ya Sabato?"

Na Bosibori, kutoka pembeni, akasahau ukumbi mzima, akajibu, "Tata, si ni wewe! Ulichuma Jumapili asubuhi!"

"Hiyo mistari nilichuma mimi, naijua!" akasema Mzee. "Nauliza huyu mwingine! Huyu anayechuma sasa hivi!"

Ukumbi ulipasuka. Watu walicheka, wakapiga makofi, wakapanda juu ya viti, na vijana kule nyuma wakapaza sauti, "Imeweza! Imeweza!" Yule mwamuzi mkuu aliinama kwangu akaniuliza kuna nini. Nilimweleza Sabato na chai kwa maneno machache huku nikifuta machozi. Akafumba macho kidogo, akasema, "Naomba wairudie. Nataka kuiona tena sasa ninapojua." Ikarudiwa. Safari hii naye alishika ukingo wa meza.

Waliipitisha. Nilikuwa nimesimama na kupiga makofi kabla jina la shule halijaisha kutamkwa. Kerubo alikuwa anaruka, Nyakundi amejikunja anacheka kwenye mikono yake, na Bosibori hakuruka wala hakucheka. Alikuwa anatazama mistari ya mbele, kwa baba yake.

Mzee Ombati aliinua kiti chake, akakipanga vizuri. Akaja kwangu kwanza, kofia mkononi, uso bado una wasiwasi.

"Mwalimu, huyo mtu. Mtamwonyesha lini?"

"Mimi simjui, Mzee," nikamwambia. "Anayemjua ni Bosibori peke yake. Na hawezi kumwonyesha mpaka asome."

Akamgeukia binti yake, ambaye sasa alikuwa amefika na kusimama mbele yetu, mikono imefumbatwa. Akavaa kofia.

"Nenda huko chuoni," akamwambia. "Lakini soma haraka. Chai yangu iko nje na huyo mtu."